Gramu 470

Mama anapima kila kinachotoka kwenye mfuko. Ana jagi la plastiki lenye alama za mililita, lile ambalo zamani tulikorogea juisi ya ukwaju, na daftari la shule alilochora mistari kwa rula kama anavyochora mwalimu, kwa sababu ni mwalimu. Safu ya kwanza tarehe, ya pili saa, ya tatu kiasi. 350. 200. 420. Muuguzi alimwambia kwamba ikizidi lita moja na nusu kwa siku apige simu, asisubiri kliniki. Kwa hiyo jioni anajumlisha, anapiga mstari chini ya jumla, anafunga daftari.

Alifanyiwa upasuaji mwaka jana. Uvimbe ulikuwa sehemu ya chini kabisa, karibu na njia ya haja kubwa. Madaktari waliukata, wakaunganisha ncha mbili zilizobaki, na ili kuupa mshono nafasi ya kupona wakatoa kitanzi cha utumbo mwembamba nje kupitia ukuta wa tumbo. Hapo ndipo mfuko unapobandikwa. Chakula kinaishia hapo. Utumbo mpana wote uko ndani, mzima, lakini hakuna kinachoufikia. Mfuko ni wa muda, walisema, miezi kadhaa hivi.

Siku tuliporuhusiwa kutoka wodini tulipewa karatasi ya vyakula. Upande wa ruhusa: wali mweupe, mkate mweupe, uji wa sembe, viazi vilivyomenywa. Upande wa marufuku kwa wiki za mwanzo: dona, mahindi ya kuchoma, maharage, karanga, korosho, ufuta, nazi, mboga zenye nyuzi. Vitu hivyo vinaweza kuziba ile njia ndogo iliyotengenezwa. Niliisoma karatasi mara mbili nikiwa kwenye teksi. Ilikuwa orodha ya utoto wa mama, kijijini kwao Lindi, imewekwa upande wa makatazo.

Halafu wageni wakaanza kuja. Kila mgeni alikuja na matunda na neno lake. Neno lilikuwa moja: dona. Mpe dona, mwanangu, nyuzinyuzi ndiyo dawa ya utumbo. Nilieleza habari ya karatasi mpaka nikachoka. Shangazi mmoja, mtu mwema ambaye alikesha nasi wodini, alisema akiwa anavaa viatu mlangoni, bila nia mbaya, "Nyie watu wa mjini mmezidi sembe." Geti lilipofungwa mama alikaa kimya kidogo. Kisha akaniuliza, kama anavyomuuliza mwanafunzi aliyesoma zaidi kuliko wenzake, "Kwa hiyo ni sembe?"

Nasoma shahada ya uzamili ya historia. Tasnifu yangu inahusu vyama vya ushirika, haina uhusiano wowote na matumbo. Lakini swali lilinikaa. Sikuweza kumjibu kuhusu ugonjwa wake, ile si kazi yangu. Nilichoweza kufanya ni kutafuta lile neno la shangazi lilitoka wapi. Mtu wa kwanza kusema kwamba unga mweupe huleta saratani ya utumbo, na dona huizuia, ni nani? Alijuaje?

Nilitegemea kwenda mbali. Nilifika Kampala.

*

Denis Burkitt alizaliwa Ireland mwaka 1911. Alipoteza jicho moja utotoni, akawa daktari wa upasuaji hata hivyo, na mwaka 1946 akaja Uganda kuitumikia serikali ya kikoloni, kwanza kaskazini huko Lango, kisha kuanzia 1948 katika Hospitali ya Mulago. Alikuwa Mkristo wa dhati na mtu wa kuhesabu. Mwaka 1958 aliandika juu ya uvimbe wa mataya kwa watoto, saratani ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake. Kutaka kujua mipaka yake, mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walichukua gari la Ford lililokwisha kutumika, wakaendesha kutoka Kampala hadi Afrika Kusini na kurudi, kilomita zipatazo 16,000, wakipitia hospitali moja baada ya nyingine na kuuliza: mmeuona ugonjwa huu? Walipita Tanganyika katika mwaka ule ule wa uhuru.

Njia hiyo ya kuuliza hospitali hata baada ya kurudi Uingereza mwaka 1966 hakuiacha. Mwaka 1967 alikutana na Peter Cleave, daktari mstaafu wa jeshi la majini, aliyekuwa akiamini kwamba sukari na unga mweupe ndivyo vilivyoleta magonjwa mengi ya Ulaya, na ambaye madaktari wengi walimpuuza. Burkitt hakumpuuza, kwa kuwa alikumbuka Mulago. Katika miaka yake yote pale alikuwa amepasua watu wachache sana wenye saratani ya utumbo mpana. Kidole tumbo, vijifuko vya utumbo mpana, bawasiri, mambo yaliyojaza wodi za London, Mulago yalikuwa nadra. Mwenzake wa zamani Hugh Trowell, aliyefanya kazi Kenya na Uganda kwa karibu miaka 30, alikuwa na kumbukumbu zilezile na alikwisha kuziandika katika kitabu mwaka 1960 juu ya magonjwa yasiyoambukiza barani Afrika. Burkitt akaanza kuandikia hospitali za misheni, akitaka hesabu kila mwezi. Majibu yalifanana.

Kisha akafanya jambo ambalo hadi leo naona lilihitaji ujasiri wa aina yake: akaanza kupima uzito wa kinyesi.

Watu walimeza vipande vidogo vya plastiki vinavyoonekana kwenye eksirei. Haja zao zote zikakusanywa kwenye mifuko, zikapimwa kwenye mizani, zikapigwa eksirei ili kuona vipande vingapi vimekwisha kutoka na baada ya saa ngapi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1972 katika jarida la Lancet, pamoja na Alec Walker wa Johannesburg na Neil Painter wa London. Kuna jedwali. Mabaharia wa Uingereza na wake zao: wastani wa gramu 104 kwa siku, na chakula kilichukua takribani saa 83 kupita mwilini. Wanakijiji wa Uganda: gramu 470, saa 36.

Nilikaa na mstari ule muda mrefu. Gramu 470. Ni karibu nusu kilo, uzito wa pakiti ya tambi. Mtu fulani aliipeleka ile mifuko, mtu fulani aliweka namba. Majina hayapo, na kwa makala ya kitabibu hilo si ajabu. Wanaitwa wanakijiji wa Uganda. Basi. Kutokana na mstari ule na mingine michache, dunia ilipata neno "nyuzinyuzi" kwenye maboksi ya nafaka ya kifungua kinywa, na sisi tukapata, miaka 50 baadaye, shangazi mlangoni.

*

Kwa mwanafunzi wa historia, kitu cha kwanza cha kufanya na hesabu ni kuuliza nani hakuhesabiwa. Hospitali huhesabu waliofika. Katika Uganda ya miaka ya 1950, mzee mwenye maumivu ya tumbo na damu kwenye choo angeweza kufia nyumbani kwake bila kuonwa na daktari yeyote, na wazee wenyewe walikuwa sehemu ndogo ya watu. Saratani ya utumbo mpana ni ugonjwa unaongezeka kwa umri. Ugonjwa ambao haukuonekana Mulago huenda haukuwepo, na huenda haukufika. Burkitt alilijua pingamizi hili na alilijibu kwa kusema kwamba tofauti ilikuwa kubwa mno kufichwa na kasoro za hesabu. Nadhani kwa sehemu kubwa alikuwa sahihi. Lakini wanaotumia maneno yake leo husahau kwamba pingamizi lilikuwepo.

Na halikuwa la mwisho. Mwaka 2000 yalichapishwa majaribio mawili makubwa ya Marekani. Watu waliokwisha kutolewa vinyama kwenye utumbo mpana waligawanywa, wengine wakapewa chakula chenye nyuzinyuzi nyingi au pumba za ngano, wengine la, wakafuatiliwa miaka mitatu hadi minne. Vinyama vilirudi kwa pande zote karibu sawa. Miaka mitatu baadaye utafiti wa nchi kumi za Ulaya, wenye watu zaidi ya 500,000, ulikuta kwamba waliokula nyuzinyuzi nyingi walipata saratani hiyo kwa uchache zaidi. Pande zote mbili ni watu makini. Mtu akitaka kumlaumu mgonjwa kwa sembe, atapata tafiti za kumsaidia. Akitaka kumwondolea lawama, atapata pia.

Kuna jambo jingine, na hili nililiona nikiwa jikoni. Wanakijiji wa Uganda wa Burkitt hawakuwa watu wa dona. Chakula kikuu cha Buganda ni matoke, ndizi mbichi zilizomenywa, zikafungwa kwa majani yake na kupikwa kwa mvuke. Ukizipima kwa pumba, ndizi hizo hazina mengi ya kujivunia. Basi zile gramu 470 zilitoka wapi?

Sehemu ya jibu ilipatikana Cambridge katika miaka ya 1980. Hans Englyst na John Cummings walitaka kujua ni wanga kiasi gani wa ndizi unaopita utumbo mwembamba bila kumeng'enywa. Kwa mtu wa kawaida huwezi kujua, kwa sababu bakteria wa utumbo mpana huufikia kabla yako. Kwa hiyo walitumia watu waliokuwa na mfuko kama wa mama yangu. Walikula ndizi, na kilichoingia kwenye mfuko kikapimwa. Matokeo ya mwaka 1986 yalionyesha kwamba jibu lilitegemea ndizi imeiva kiasi gani: kwa ndizi mbichi kabisa, hadi asilimia 90 ya wanga ilitoka kama ilivyoingia. Englyst alikuwa ameshaupa wanga wa namna hiyo jina, wanga sugu. Ni wanga kwa kemia, lakini kwa mwili unafanya kazi ya nyuzinyuzi. (Kupika hupunguza usugu huo, ukiacha chakula kipoe, sehemu yake hurudi. Kiporo kina utetezi wake.)

Nilimsomea mama habari hii akiwa amejilaza kwenye mkeka. Hakuvutiwa sana na wanga. Aliuliza, "Hao watu wa mifuko, walikuwa wanapima wenyewe?"

*

Kinachotokea baada ya hapo, kule chini ambako chakula cha mama hakifiki, ndicho kilichokuja kubadilisha hadithi nzima. Burkitt aliwaza kama fundi wa mifereji: kinyesi kikiwa kingi na laini kinapita haraka, sumu hazikai.  Lakini wakati yeye akizunguka dunia na slaidi zake za picha za vinyesi (na inasimuliwa kwamba hakuwahurumia wasikilizaji waliotoka kula), watu wengine walikuwa wakichunguza mkojo.

Kenneth Setchell, mwanakemia aliyekuwa akifanya kazi London, alikuwa akipima homoni kwenye mikojo ya wanawake, na ya tumbili. Kwenye vipimo vyake kulikuwa na alama mbili ambazo hazikuwa za homoni yoyote iliyojulikana, na zilipanda na kushuka pamoja na mzunguko wa hedhi. Kwa muda ilidhaniwa kwamba ni homoni mpya ya binadamu. Mwaka 1980 makundi mawili ya watafiti yalitoa muundo wake katika jarida la Nature, na mshangao ulikuwa huu: ulikuwa muundo wa lignani. Lignani zilikuwa zikijulikana kwa mimea tu, kwenye mbao, maganda na mbegu. Vitu hivyo vikapewa majina ya enterolaktoni na enterodioli, kwa neno la Kigiriki la utumbo.

Mwili wa mnyama ungewezaje kutengeneza kitu cha mti? Panya walitoa jibu. Kuna panya wanaozaliwa na kulelewa bila kijidudu chochote, ndani ya vyumba vilivyofungwa. Panya hao hawakuwa na enterolaktoni kwenye mkojo. Wenye bakteria walikuwa nayo. Mwaka 1982 Magnus Axelson, Setchell na wenzao wakakamilisha picha kwa mbegu za kitani: mbegu ina lignani yake, bakteria wa utumbo huichukua na kuigeuza, damu huipokea, mkojo huitoa. Mwaka uleule Herman Adlercreutz wa Helsinki akachapisha kwamba wanawake wenye saratani ya matiti aliowapima walikuwa na kiasi kidogo cha vitu hivyo kuliko wanawake wasiokula nyama. Akalitwaa lile wazo la Burkitt na kulipa mwelekeo mpya. Labda nyuzinyuzi hazikuwa zinafanya kazi peke yake. Labda zilisafiri na abiria.

Baadaye ilijulikana kwamba hakuna bakteria mmoja anayefanya kazi yote. Ni kama kubangua korosho kule Mtwara: mmoja anakaanga, mwingine anapasua, mwingine anamenya lile ganda jembamba la ndani, na akikosekana mmoja kazi inalala. Bakteria wa kwanza huondoa sukari iliyoshikamana na lignani, wa pili hukata kipande kingine, wa tatu huondoa oksijeni, wa nne hufunga. Mnyororo huu hukatika kirahisi. Watafiti wa Finland walionyesha mwaka 2002 kwamba watu waliokuwa wamemeza dawa za antibayotiki walikuwa na enterolaktoni kidogo kwenye damu, na upungufu huo ulionekana hata miezi mingi baada ya kumaliza dozi.

Ndiyo maana watu wawili wanaweza kula chakula kimoja wakapata vitu viwili. Mfano ulio wazi zaidi ni ekuoli, inayotokana na soya. Ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1932 kwenye mkojo wa farasi jike. Katika miaka ya 1940 kondoo wa Australia Magharibi waliolishwa majani ya klova walianza kushindwa kushika mimba, na ekuoli ikaja kutajwa kama mhusika mkuu, kwa sababu inajifanya kama homoni ya kike. Leo inatafutwa kwa manufaa yake. Lakini katika nchi za Magharibi ni kama robo tu ya watu wanaoweza kuitengeneza, na Japani karibu nusu, hata wakila soya ileile. Wengine hawana bakteria wa kazi hiyo. Kondoo wa Australia nawataja kwa sababu katika maduka ya dawa za asili ya mjini kwetu neno "asilia" limekuwa kama kiapo kwamba kitu hakina madhara.

*

Mbegu za kitani sijawahi kuziona Lindi. Lakini zikipangwa mbegu zenye lignani nyingi kuliko zote, pembeni ya kitani kunakaa ufuta. Lignani yake kuu inaitwa sesamini, kwa jina lake mwenyewe, na mwaka 2005 kundi la Helsinki lilionyesha kwamba binadamu akila ufuta, bakteria wake huigeuza sesamini kuwa enterolaktoni. Niliposoma sentensi hiyo nilisikia harufu ya jiko la bibi.

Bibi analima ufuta. Lindi na Mtwara ni mikoa ya ufuta. Unavunwa, mabua yanasimamishwa kwa mafungu yakauke, kisha yanageuzwa juu ya turubai na mbegu zinamwagika zenyewe kwa sauti kama ya mvua ndogo. Mwingi unauzwa na kwenda nje. Unaobaki nyumbani unakaangwa, unatwangwa, unatiwa kwenye mboga, au unafanywa kashata. Mama alikulia kwenye hiyo kashata, na kwenye ugali wa mtama na muhogo, na kwenye dona ambayo haikuitwa dona kwa sababu haikuwa na mpinzani.

Aliondoka huko kwenda chuo cha ualimu. Sembe ilikuja na mshahara. Naikumbuka mifuko ile ya kilo tano kwenye kabati letu, na jinsi alivyopenda ugali uwe mweupe, laini, usio na hata punje ya pumba. Dona lilikuwa la bweni, la jela na la jeshi. Nilipokwenda sekondari ya bweni nikala dona na maharage yenye wadudu kwa miaka minne, nilirudi likizo nikimwambia kwamba sitaki kuliona tena, na yeye alicheka akasema, "Ndiyo maana nasahihisha madaftari usiku, mwanangu, msile tena vile." Alikuwa anatupa kilicho bora. Sijui namna nyingine ya kulieleza. Hakuna mtu katika mtaa wetu, wala redio, wala mwajiri wake, aliyemwambia kwamba kilicho bora ni kile alichokiacha.

Mwaka 2015 Stephen O'Keefe na wenzake walichapisha utafiti ambao Burkitt, aliyefariki mwaka 1993, angeupenda sana. Walichukua watu 20 Wamarekani weusi wa Pittsburgh, ambao saratani ya utumbo mpana ni nyingi kwao, na watu 20 wa vijijini KwaZulu-Natal, ambao ni nadra kwao. Kwa wiki mbili wakabadilishana vyakula. Wa Pittsburgh walikula uji wa mahindi, maharage na mboga. Wa KwaZulu-Natal walikula soseji, nyama, chipsi. Ndani ya siku 14 bakteria wa Wamarekani walikuwa wakitengeneza butireti mara mbili na nusu ya awali. Kwa Waafrika ilishuka kwa nusu. Butireti ni asidi ambayo bakteria huitoa wakila nyuzinyuzi na wanga sugu, na ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana. Dalili za uvimbe kwenye ukuta huo nazo zilipungua upande mmoja na kuongezeka upande wa pili. Lakini wiki mbili si saratani, inayochukua miaka mingi kukua, na watafiti wenyewe hawakusema wameiona ikizuiwa. Waliona udongo ukibadilika.

Kwa mama, habari ya butireti ilikuwa na maana ya karibu zaidi. Utumbo wake mpana umekaa bila chakula. Mwaka 1989 madaktari wa Marekani waliripoti wagonjwa wachache ambao utumbo wao uliowekwa pembeni kwa upasuaji ulikuwa umepata uvimbe. Waliumwagilia maji yenye asidi kama hizo za bakteria, na uvimbe ukatulia. Jaribio jingine lililofuata halikupata matokeo yaleyale. Nilimuuliza daktari wake kwenye kliniki, nikiwa na karatasi zangu mkononi kama wakili. Alinisikiliza kwa upole, akasema kwamba kwa mama hakuna dalili hiyo, na kwamba dawa ya utumbo uliokaa bure ni kuurudisha kazini.

*

Nilimjibu mama jioni moja umeme ulipokatika. Nilimwambia kwamba sijui kama ni sembe, na kwamba hakuna mtu anayeweza kujua hilo kwa mtu mmoja. Hesabu zile ni za vijiji na mataifa. Zinaweza kusema kwamba watu elfu wanaokula hivi wataugua wachache kuliko elfu wanaokula vile, na hata hapo wanabishana. Haziwezi kuingia kabatini kwetu na kuonyesha mfuko wa unga. Nilimweleza Burkitt na gari lake, wanakijiji na mifuko yao, tumbili, panya. Nilikuwa nimejiandaa vizuri. Ilikuwa karibu semina.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Hao wa Uganda," alisema, "waliambiwa majibu?"

Nikasema hilo sijaliona popote.

"Mtu anakupimia choo chako halafu hakwambii kimetoka ngapi." Alitikisa kichwa. Aliwasha tochi ya simu, akavuta daftari.

Wiki iliyopita bibi alituma mzigo kwa basi. Ulikuwa umefungwa kwa kamba za mkonge: unga wa mtama, na kopo la kashata za ufuta, zile ngumu za kuvunja meno. Alipiga simu kuuliza kama umefika, na kama binti yake anakula. Mama alisema anakula, shikamoo mama, asante, ni tamu kama za zamani. Hajaonja hata moja. Operesheni ya kufunga mfuko imepangwa mwezi ujao, na daktari amesema baada ya hapo tutarudisha vyakula polepole, kimoja kimoja. Kopo liko juu ya friji. Mama amelibandikia karatasi yenye tarehe, kwa mwandiko wake wa ubaoni, na chini ya tarehe ameandika: kipande kimoja, kitafunwe sana.

Leo jumla ilikuwa 980. Aliinijulisha kwa sauti kutoka chumbani, kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani, na mimi nikaitikia.